Darubini ya Clark na mafundi wake

Percival Lowell, tajiri wa Boston aliyekuwa na shauku kubwa ya sayari ya Mirihi, alilipa dola 20,000 mwaka 1896 apate darubini ya lenzi ya inchi 24. Ikasimamishwa juu ya kilima huko Flagstaff, Arizona, ndani ya kuba la mbao lililojengwa na Godfrey na Stanley Sykes, mafundi baiskeli wa mji huo.

Lenzi ilitoka karakana ya Alvan Clark na Wanawe, Massachusetts. Ni vipande viwili vya kioo vya aina tofauti, kimoja kikikusanya rangi zinazotawanywa na mwenzake. Kazi ya kuitengeneza haina haraka. Fundi husugua, huosha, huacha kioo kipoe kwani hata joto la kiganja hukivimbisha, hupima kwa nuru ya nyota ya bandia, kisha huanza tena. Kasoro anayoiwinda ni nyembamba kuliko unywele mara mamia. Ukoo wa Clark ulisifika kwa kumalizia lenzi kwa kidole gumba.

Lowell aliona mifereji ya Mirihi ambayo haipo, lakini kosa halikuwa la lenzi. Kwa darubini hiyohiyo, mwaka 1912, mwanaastronomia Vesto Slipher alipima mwendo wa galaksi ya Andromeda na kukuta inatujia kwa kasi ya kilomita 300 hivi kwa sekunde. Miaka ya 1960 wachoraji waliitumia kuandaa ramani za Mwezi kwa safari za Apollo.

Vyuma navyo huchoka. Mwanzoni mwa 2014 kituo cha Lowell cha kutazama nyota kilifunga kuba, na mafundi wake wenyewe wakaifungua darubini yote, hadi bolti na nati. Kila kipande kilisafishwa na kung'arishwa. Kilicholika kupita kiasi kilichongwa upya. Kilichonigusa zaidi ni walivyojizuia. Kuba huzunguka juu ya matairi ya pikapu ya Ford ya 1954, nao hawakuuondoa utaratibu huo ati kwa kuwa si wa 1896. Walifanya vyema: akili ya fundi aliyeweka matairi hayo nayo ni sehemu ya historia ya chombo hiki.

Ilifunguliwa tena 2015. Ukijaliwa kufika Flagstaff usiku usio na mawingu, panda kilimani uchungulie, wageni wanaruhusiwa.