Gridi, Hifadhidata na Modeli: Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili katika Astrofizikia

Utangulizi

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba tangu ijitawale, setilaiti ya kwanza iliyotengwa mahususi kwa uchunguzi wa eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, iliitwa Uhuru. Vyanzo vya eksirei ilivyovibaini vilikusanywa katika katalogi, na toleo la nne, la mwaka 1978, liliorodhesha vyanzo 339. Hadi leo vyanzo hivyo hutambulishwa kwa alama 4U: tarakimu ni ya toleo, herufi ni ya Uhuru. Kwa hiyo neno la Kiswahili limo katika hifadhidata za wanaastronomia, ikiwemo SIMBAD ya Strasbourg, Ufaransa. Swali ni iwapo Kiswahili chenyewe kinaweza kueleza kazi inayofanywa kwa hifadhidata hizo.

Makala haya yanadai kuwa istilahi za sayansi zimezoeleka kupimwa kama majina, ilhali zinastahili kupimwa ndani ya sentensi zinazobeba hoja. Kwa Uganda, suala hili lina uzito wa kivitendo. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwanafunzi wa Kampala aliyezoea kukihusisha Kiswahili na kambi ya jeshi au biashara ya mpakani ana haki ya kuuliza kama kinaweza pia kumfikirisha.

Tatizo la kupimia

Chukua chanzo 4U 1956+35, kinachojulikana zaidi kama Cygnus X-1. Tarakimu zake ni anwani: saa 19 na dakika 56 kwa kipimo cha mzunguko wa anga, na digrii 35 kaskazini mwa ikweta ya anga. Mahali hapo pana nyota kubwa inayozungukana na shimo jeusi kila baada ya takribani siku 5.6. Anayetaka kueleza mfumo huo huunda modeli yenye vigezo kadhaa: uzito wa nyota, uzito wa shimo jeusi, umbali kati yao, mwinamo wa njia yao na kasi ya upepo wa nyota.

Vigezo hivyo vitano vikijaribiwa kwa thamani kumi kila kimoja, hupatikana mikokotoo 100,000. Ikiwa kila mkokotoo unahitaji saa moja, kompyuta moja itafanya kazi kwa zaidi ya miaka 11. Kompyuta 1,000 zitamaliza kwa saa 100. Hilo linawezekana kwa sababu hakuna mkokotoo unaosubiri jibu la mwingine. Maelezo haya mafupi ndiyo mizani ya uhakiki unaofuata.

Gridi

Wapo wanaotosheka na "mtandao wa kompyuta". Istilahi hiyo haitoshi. Mtandao huunganisha, hausemi kwamba nguvu ya kukokotoa inagawanywa. Ian Foster na Carl Kesselman, waliohariri kitabu maarufu kuhusu gridi mwishoni mwa miaka ya 1990, walitumia sitiari ya umeme: mtumiaji achukue uwezo wa kukokotoa bila kujua unazalishwa na mashine ipi. Sitiari hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Tangu mwaka 1954 umeme wa bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, huko Jinja umekuwa ukiangaza Kampala, na anayewasha taa haulizi ni tabo ipi iliyozunguka. Watanzania nao husema "gridi ya taifa" bila kuhitaji kamusi. "Gridi" ni neno la mkopo, lakini linamfikia msomaji likiwa tayari na maana inayotakiwa.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Katika Kiingereza cha wanaastrofizikia neno hilohilo lina maana tatu: kompyuta zilizogawana kazi, safu ya modeli zenye vigezo tofauti, na vyumba vidogo ambamo gesi hugawanywa ili ikokotolewe. Kiswahili hakilazimiki kurithi mkanganyiko huo. "Gridi" ibaki ya kompyuta, "safu ya modeli" iwe ya vigezo, na "wavu" uwe wa vyumba vya gesi. Tofauti hii ina maana kwa kazi yenyewe: safu ya modeli hufaa gridi kwa kuwa kila modeli hujitegemea, ilhali vyumba vya wavu hutegemeana na huhitaji kompyuta zilizounganishwa kwa kasi kubwa mno.

Hifadhidata

"Hifadhidata" na "kanzidata" zote zinatumika. Ya kwanza inasisitiza kuweka, ya pili inasisitiza thamani ya kilichowekwa. Zote mbili hazigusi kuuliza, na kuuliza ndiko kunakotofautisha hifadhidata na ghala. SIMBAD hujua kwamba 4U 1956+35, Cygnus X-1 na HDE 226868 ni mahali pamoja, na humjibu anayeuliza kwa jina lolote kati ya hayo. Udhaifu huu hauhitaji jina la tatu. Unahitaji kitenzi kinachoambatana na jina: "kuhoji hifadhidata". Kitenzi hicho kikizoeleka, upungufu wa nomino hupungua.

Modeli na uigaji

Hapa ndipo istilahi zinapoyumba zaidi. Anayetumia "muundo" kwa maana ya modeli atalazimika kuandika "muundo wa muundo wa nyota". "Mfano" nao huchanganya modeli na kielelezo cha darasani. "Modeli" ni salama zaidi. Kuhusu zoezi la kuendesha modeli, "simulizi" linavutia kwa sauti yake tu. Kwa msomaji wa Kiswahili ni hadithi. "Uigaji" unasema kinachotendeka: kompyuta inaiga mwenendo wa maumbile.

Hitimisho

Huenda ikadaiwa kwamba wanasayansi wa Makerere au Mbarara wataendelea kuchapisha kwa Kiingereza, hivyo mjadala huu hauna tija. Dai hilo linachanganya lugha ya kuchapishia na lugha ya kuelewea. Vyuo vya Uganda vimeunganishwa kupitia RENU, na RENU imo katika UbuntuNet Alliance. Mtafiti wa Kampala anaweza kutuma mikokotoo yake kwenye mashine asizozimiliki. Njia ya mashine ipo. Kinachopungua ni matini ya Kiswahili yanayomwongoza mwanafunzi kutoka swali hadi modeli na kutoka modeli hadi jibu.

Kwa hiyo makala haya yanapendekeza kwamba kila orodha ya istilahi inayopelekwa kusanifishwa iambatane na tatizo moja lililotatuliwa kikamilifu kwa istilahi hizo. Istilahi itakayokwamisha utatuzi irekebishwe kabla ya kuingizwa kamusini. Katalogi ya Uhuru, iliyokwisha kubeba neno la Kiswahili, ni mahali pafaapo pa kuanzia.