Hoop Dreams: filme ya minervali, si ya basketi



Kuna filme moja ya 1994 ambayo ningependa kila mtu wa Masisi na Walikale aliyeshika diploma aiangalie, hata yule asiyejua ekipe ya basketi ina wachezaji wangapi. Inaitwa Hoop Dreams, ya Steve James. Ni ndefu, karibu saa tatu, na haina mwigizaji hata mmoja. Kamera inawafuata vijana wawili weusi wa Chicago, William Gates na Arthur Agee, toka wanapoingia sekondari mpaka wanapofika mlango wa chuo kikuu. Watu wanaisifu eti ni filme ya ndoto na bidii. Mimi naona ni filme ya minervali.

Iko hivi. Mtu mmoja, kazi yake kuzunguka viwanjani akitafuta vipaji, anamuona Arthur akicheza mtaani. Anampeleka St. Joseph, shule ya Wakatoliki nje ya mji, ile ambayo nyota Isiah Thomas alisoma. William naye anachukuliwa. Kwenda na kurudi ni kama saa tatu kila siku. Burse wanayopewa ni ya nusu tu, nusu nyingine mzazi atafute. William anang'ara mara moja, na mfadhili anajitokeza kumlipia iliyobaki. Arthur hakui haraka vile kocha alivyotumaini. Kwao kazi inapotea, deni linapanda, na mwaka wa pili haujaisha, kijana anarudishwa nyumbani. Anaenda kumalizia Marshall, shule ya Serikali. Baadaye anapohitaji karatasi za pointi zake, St. Joseph inazishika mpaka wazazi walipe.

Nani kati yetu hajui hiyo? Gratuité ya 2019 ilifika kwenye shule ya msingi, sekondari ikabaki vile. Buletini inakaa kwenye meza ya prefe, mtoto anakaa nje ya mlango. “Mutoto njo alikula deni?” Maneno ya mama yeyote wa Kitchanga. Wazazi wa Arthur wanakaa mbele ya mtu wa pesa wa shule, wanajadiliana watalipa ngapi kwa mwezi, na kwa sauti zao unaelewa kwamba wanaomba msamaha kwa kitu ambacho wao hawakukitafuta. Ni wao walifuatwa. Hawakwenda kubisha kwa St. Joseph.

Hapo njo nguvu ya filme hii. Hakuna anayekuja kukuambia nani mbaya. Unaona William, goti limepasuliwa, bado makocha wanamfuata kwa barua na kwa ziara. Unamuona kwenye kambi ya Nike, vijana wanapimwa na kukimbizwa, makocha wa vyuo vikuu wamejaa kwenye viti, kila mmoja anamchungulia jirani yake anaandika jina la nani. Ushindani wao njo unaeleza mambo yote. Kocha mmoja mwenye roho nzuri akisema “mimi sitachukua mtoto bila kuwaza masomo yake”, wa chuo cha jirani atamchukua, na mwaka unaofuata yule mwema hana kazi. Kila mmoja anajisamehe kwa ajili ya mwenzake. Na sheria zao zilisaidia hilo: toka 1973 hadi 2012, burse ya mwanamichezo wa chuo huko ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Kijana alisaini akidhani ana miaka minne, kumbe aliyekuwa na miaka minne ni kocha.

Lakini filme ina kilema chake. Ilimweka kocha Gene Pingatore wa St. Joseph mahali pa kuchukiwa, hata shule ikapeleka watengenezaji mahakamani. Yule mtu wa viwanjani, ambaye bila yeye hakuna hadithi, tunamuona mwanzoni, kisha kamera inamwacha bila kumuuliza sawasawa: alipata nini? Kama Arthur angepata goti bovu, angerudi kumuona? Kwetu sisi huyo njo mtu wa maana kuliko kocha, juu kocha yuko mbali, lakini mtu wa katikati anafika mpaka nyumbani.

Na kweli anafika. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma 2002, akaenda Marekani 2016, akapita shule tatu, West Virginia, New York na New Jersey. Duke, Kentucky, Auburn na Texas Tech wakamgombania. Yeye akawaacha wote, akaenda G League Ignite alikolipwa mshahara, na 2021 Golden State Warriors wakamchagua wa saba. Nafurahi naye kama mtu wa Goma. Ila tunaisimulia safari yake kama barabara, na ni mlango mmoja uliofunguka. Mwaka 2018, huko Charlotte, mkuu wa shule ndogo ya kibinafsi alikiri mahakamani kwamba alipokea pesa na kuidanganya Serikali ya Marekani eti vijana wanamichezo kutoka nje wanasoma kwake. Hao nao walikuwa na wazazi walioaga mtoto wakijua anaenda masomo.

Sisi wa Masisi biashara ya mtu wa katikati tunaijua kuliko watu wa Chicago. Koltani ya Rubaya inanunuliwa shimoni kwa bei moja, Goma ni nyingine, na kule mbele hata usiulize. Lakini kabla vita haijachukua Rubaya 2024, angalau gunia lilikuwa linafungwa tiketi yenye namba, na kasiterite ya Bisie kule Walikale vilevile, juu sheria ya Marekani ya 2010 ililazimisha makampuni yao kueleza mawe yanatoka wapi. Kijana wa mita mbili anayetolewa kambi ya wakimbizi hana tiketi. Ana barua ya mwaliko, ya kiingereza.

Na barua hiyo italetwa kwa nani? Kwetu mpira wa miguu njo mfalme, kiwanja cha basketi cha sima unakitafuta na tochi, kwa hiyo wengi wetu tunadhani haya hayatuhusu. Lakini vita imesukuma watu wetu mpaka Goma na ng'ambo ya mpaka, na baba aliyepoteza shamba akiletewa karatasi, ataita mtoto wa ndugu yake aliyesoma. Ataitwa mmoja wetu: “Soma, utuambie kama ni mazuri.” Tusimame pale kwenye viza na tiketi ya ndege? Mimi ningetafuta mstari unaosema nani analipa shule kama kijana hatakua tena, au akivunjika, na nani anabaki na pasiporti yake. Kama mstari huo haupo, ningemwambia baba kwamba haupo, hata kama nyumba nzima imeshaanza kuimba.

Kuna sehemu moja watu wa basketi wanaipita haraka. Sheila, mama wa Arthur, aliyekuwa akiishi kwa msaada wa Serikali, anamaliza mafunzo ya msaidizi wa wauguzi, wa kwanza kwa pointi katika darasa lake. Ukumbi karibu mtupu. Hakuna aliyekuja kumtafuta kwenye kiwanja chochote. Analia huku ameshika karatasi yake, na hiyo hakuna shule inayoweza kumnyang'anya juu ya deni.