Herufi Mbili Kwenye Chuma

Bastola ya Ruby haina cha kumvutia mpita njia. Ni nzito, nyeusi, haina nakshi yoyote, na umbo lake limeigwa waziwazi kutoka kwa Browning ya 1903. Wakusanyaji wenye fedha huipita wakikimbilia Luger. Kwangu mimi, anayetaka kujifunza kutambua bastola za zamani za kijeshi za Uhispania aanze na hii hii inayodharauliwa.

Mwaka 1915 jeshi la Ufaransa lilikuwa kwenye mahandaki na bastola hazikutosha. Likaagiza Ruby 10,000 kila mwezi kutoka kwa Gabilondo y Urresti wa Eibar, mji wa Wabaski uliobanwa bondeni na uliokuwa ukiishi kwa kufua silaha. Muda si mrefu mahitaji yakafika 30,000 kwa mwezi. Gabilondo hakuyaweza peke yake. Kazi ikagawiwa kwa washirika wachache, kisha ikafurika mji mzima, na karakana nyingine zikawauzia Wafaransa moja kwa moja bila kupitia kwake. Kila fundi alimalizia vipande vyake kwa tupa mpaka vikae, kwa hiyo magazini ya karakana moja mara nyingi iligoma kuingia kwenye bastola ya jirani yake. Hebu fikiria askari aliyeazima magazini ya mwenzake usiku, adui yuko mita hamsini.

Dawa ilikuwa herufi mbili ndani ya duara la yai, zikagongwa kwenye fremu na chini ya magazini: GU ni Gabilondo y Urresti, EU ni Esperanza y Unceta, BH ni Beistegui Hermanos, na nyingine nyingi. Hapo ndipo mkusanyaji anapoanza kazi. Akishahakikisha silaha haina risasi, huchomoa magazini na kulinganisha herufi. Zikipatana, vipande hivi viwili huenda vimekaa pamoja tangu vita. Kisha huigeuza bastola ubavu wa kushoto. Baadhi zina kinundu kidogo cha chuma juu ya wenzo wa usalama, na asiyejua hudhani ni pambo. Kumbe ngozi ya mkoba ilikuwa ikiusukuma wenzo huo bastola inapoingizwa, na silaha inabaki tayari kufyatuka ikiwa kiunoni mwa mwenyewe. Kinundu kiliwekwa kuizuia ngozi. Naona raha kubwa kukisoma kijinundu hicho, kwa sababu ndani yake mna malalamiko ya askari ambaye jina lake halijulikani.

Astra 400 ni somo la aina nyingine. Jeshi la Uhispania liliipokea mwaka 1921, ikarithi kiti cha bastola ya Campo-Giro na risasi yake ya milimita 9 Largo. Mtutu wake haujifungi na kitelezi cha juu, hivyo kishindo chote cha risasi ile kubwa kinazuiwa na uzito wa chuma pamoja na springi, na springi yenyewe ni ngumu kiasi cha kumtoa mtu jasho anapoivuta. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1936, kiwanda cha Unceta kilichoiunda kilikuwa Guernica, na upande wa Jamhuri ukaja kukipoteza. Ukaamua kuiga. Nakala moja ina herufi RE, za República Española. Nyingine ilitoka Terrassa, mji wa viwanda vya nguo huko Catalonia, na imeandikwa F. Ascaso, kwa heshima ya Francisco Ascaso, mwanaharakati wa kianarkisti aliyeuawa Barcelona tarehe 20 Julai 1936. Ukiziweka kando kwa kando na Astra yenyewe, kwa mbali ni bastola moja.

Guernica ilichomwa kwa mabomu ya ndege tarehe 26 Aprili 1937. Kiwanda cha silaha kilisalimika. Miaka michache baadaye kilikuwa kikiwauzia Wajerumani Astra 300 kwa makumi ya maelfu, na baadaye Astra 600, mpaka Wajerumani walipofukuzwa mpakani mwaka 1944 na Astra 600 zilizosalia zikabaki ghalani. Kwa hiyo Astra 600 mbili zinaweza kufanana kama sahani za seti moja, na ni namba ya mfululizo tu itakayosema ipi ilikwenda vitani. Tai wa Kijerumani aliyegongwa kwenye chuma si ushahidi wa kutosha, maana matapeli humgonga pia.

Kuhusu umri, nyumba ya majaribio ya silaha ya Eibar imerahisisha mambo: kuanzia 1927 kila mwaka ulipewa herufi, A ikiwa ya kwanza, na kwa kuwa alfabeti ya Kihispania ilihesabu pia Ch, Ll na Ñ, duru ya pili, A1, ilianza 1955.

Kampuni za bastola za Astra na Star zote zilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Orbea, waliokuwa wahunzi wa bunduki, leo wanajulikana kwa baiskeli. Mafundi wa 1915 hawapo tena wa kuulizwa, na mengi waliyoyajua yamebaki kwenye alama za tupa tu. Ndiyo maana wananiudhi wauzaji wanaosugua bastola kuukuu na kuipaka rangi upya ili ipate bei. Ascaso iliyosuguliwa mpaka jina la Terrassa likafutika haina tena cha kuitofautisha na Astra ya kuiga isiyo na kwao.