Makala Isiyo na Ikisiri

Mpe mwanafunzi wa udaktari makala ya utafiti, atasoma ikisiri, ataruka hadi hitimisho, kisha ataifunga. Simlaumu. Ana wodi ya kuzungukia, ana mitihani, na ikisiri huandikwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka. Ndiyo maana daktari mmoja wa watoto ninayemfahamu, mwalimu wa chuo jijini Dar es Salaam, huifunika ikisiri kwa karatasi nyeupe kabla ya kutoa nakala za darasa, na kurasa za mwisho haziambatanishi. Kinachobaki ni mbinu na majedwali. Wanafunzi hawana budi kuanzia pale walipozoea kuparuka.

Huwa naomba ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa lake kwa sababu napenda kumtazama mtu anayeijua kazi yake. Somo lenyewe lipo katika vyuo vingi, hasa tangu Gordon Guyatt na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walipoandika katika jarida la JAMA mwaka 1992 kwamba daktari aupime ushahidi mwenyewe badala ya kuegemea uzoefu na kauli za wakubwa. Fomu za kukagulia makala zimejaa, za kuweka alama ya ndiyo au hapana. Yeye huzigawa mwishoni kabisa. Mwanafunzi akianza na fomu, hujaza visanduku na kuwasahau wagonjwa.

Makala anayoitumia zaidi ni ile ya jaribio la FEAST, iliyotoka mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine. Kathryn Maitland, mtafiti wa Kilifi, na wenzake waliwafuatilia watoto 3,141 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Teule ya Muheza. Walikuwa watoto wenye homa kali na dalili kwamba damu haiwafikii vizuri mwilini, kama mikono na miguu kuwa ya baridi. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Makundi mawili yalipewa dripu ya kasi, moja ya albumini na jingine ya maji ya chumvi. Kundi la tatu halikupewa dripu ya kasi, lilipata maji ya kawaida ya kuutunza mwili tu.

Swali la kwanza la mwalimu halihusu matokeo. Huuliza, "Nani hakuingia?"

Hapo darasa hunyamaza, halafu unasikia kurasa zikipekuliwa. Mmoja anapata watoto wenye utapiamlo mkali. Mwingine anapata walioungua na walioumia. Mwalimu anaandika ubaoni bila kusema neno, na anaendelea kungoja, chaki mkononi, hadi mtu atamke wale wa kuharisha na kutapika. Anawangojea hao kwa makusudi. Mwanafunzi asiyewaona atakwenda wilayani, atamnyima dripu mtoto anayekauka kwa kuhara, na ataamini kwa moyo safi kuwa amefuata utafiti. Mwalimu husoma mbinu kama mnunuzi makini wa shati anavyoligeuza ndani nje aone mshono.

Kisha namba. Makala inaonyesha kuwa hatari ya kufa ndani ya saa 48 ilikuwa mara 1.45 kwa waliopewa dripu ya kasi, ikilinganishwa na wasiopewa. Darasa linashtuka: asilimia 45 zaidi! Anamwita mmoja ubaoni ahesabu watoto. Kati ya kila watoto mia wasiopewa dripu ya kasi, walikufa kama 7. Kati ya mia waliopewa, walikufa kati ya 10 na 11. Tofauti ni kama watoto 3 kwa mia, yaani katika kila watoto 30 hivi waliopewa, mmoja zaidi alipotea. Anadai namba zote mbili zitajwe pamoja kila mara, ile inayotisha na ile inayoonekana ndogo, kwa kuwa zimetoka kwa watoto walewale. Kuhusu wigo wa makadirio, 1.13 hadi 1.86, yupo mwalimu ambaye angetumia saa nzima ya takwimu. Yeye huuliza tu, "Ndani ya wigo huu, ipo namba inayosema dripu iliokoa?" Haipo, zote zinazidi 1, na wameliona hilo wenyewe.

Sehemu ninayoisubiri mimi hufuata hapo. Matokeo yanapingana na walichofundishwa, yaani kukimbilia dripu ya kasi, kwa hiyo wanaanza kuishambulia makala, tena kwa ustadi. Madaktari walijua nani anapewa nini! Hospitali hazikuwa na mashine za kupumulia! Jaribio lilisimamishwa kabla ya kufika watoto 3,600 waliokusudiwa! Anaziandika zote kwa heshima, bila kupinga hata moja. Halafu anauliza, "Dripu ingekuwa imeokoa watoto, mngezileta hoja hizi?"

Nadhani hapo ndipo ilipo kazi yenyewe. Kumfundisha kijana kutilia shaka ni rahisi. Kazi ngumu ni kumfundisha atilie shaka kwa kipimo kilekile, jibu likimpendeza au likimuudhi. Akikosa hilo, ujuzi wote wa takwimu humsaidia kulinda alichokuwa akikiamini tangu mwanzo.

Baada ya hapo hoja hupimwa moja moja. Daktari kujua nani anapewa nini kungeharibu sana utafiti wa maumivu, lakini hapa kinachohesabiwa ni kifo. Hoja ya mashine ina uzito, nayo hubaki ubaoni: hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi isinakili matokeo haya bila kufikiri. Na mtu anapodai kwamba bila shaka maji yalijaa mapafuni, mwalimu anatoa makala ya pili, ya mwaka 2013, ya watafiti haohao. Vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa. Maelezo yaliyokuwa yanaingia akilini vizuri kabisa yanafutwa.

Zoezi la mwisho ni kuandika sentensi moja ambayo mwanafunzi angemwambia mwenzake wa zamu ya usiku. Mmoja aliandika, "Utafiti umethibitisha kuwa dripu inaua." Mwalimu alikaa naye kwa kalamu ya risasi, wakaongeza neno, wakakata jingine, wakarudi kwenye orodha ya ubaoni, hadi ikasomeka hivi: "Mtoto mwenye homa kali na mikono ya baridi, asiyeharisha wala kuwa na utapiamlo mkali, katika hospitali isiyo na mashine za kupumulia, usimkimbizie dripu ya kasi, mpe maji ya kawaida, tibu malaria na maambukizi, angalia kama anahitaji damu, na urudi kumtazama."