Mnara wa Wami Dakawa

Nikitoka Lumuma kwenda Morogoro kwa njia ya Dumila, sina budi kupita Wami Dakawa, penye mnara wa Edward Moringe Sokoine. Hapo ndipo Waziri Mkuu huyo alipofariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma.

Mnara ule mimi siuridhii. Unakumbusha kifo, jambo lisilo na ubishi. Na kaburi tunalo tayari, Monduli Juu. Chenye ubishi ni kazi yake. Mwaka 1983, alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, sabuni na sukari zilionekana tena madukani, nasi walimu tukashangilia. Lakini alichukuliwa pia mzee mmoja jirani yangu, mwenye kiduka, kwa katoni tatu za sabuni. Sheria ya mwaka ule haikumpa dhamana wala wakili. 1984 ikawekwa nyingine. Sokoine nilimpenda, na hata leo nampenda.

Juzi tulipopita pale mjukuu wangu aliuliza, “Babu, huyu alifanya nini?” Nikamjibu kwamba alipata ajali. Kabla sijafika kwenye habari ya sabuni, gari lilikwisha vuka mto.