Jina la Baba Juu ya Jiwe

Mwaka 1977 Dan Rottenberg, mwandishi wa habari wa Marekani, alitoa kitabu Finding Our Fathers, mwongozo kwa Wayahudi wanaotafuta koo zao. Wengi walikwisha kukata tamaa: waliona makaratasi yameteketea Ulaya pamoja na wenyewe katika mauaji ya Wanazi. Rottenberg aliuliza alivyozoea kuuliza kazini: nani aliandika, na nakala imebaki kwa nani?

Ni ufundi wa subira. Kaburi la Kiyahudi humtaja marehemu na baba yake, basi jiwe moja hukupa vizazi viwili. Ukirudi nyuma zaidi, jina la ukoo linakuacha njiani: Austria iliwalazimisha Wayahudi kuwa nalo mwaka 1787, Ufaransa mwaka 1808. Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, ambao baadhi yao walihamia Katanga, Kongo, kufanya biashara, humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, hata babu akiwa hai. Kwa hiyo mtafiti akimkuta mjukuu Lubumbashi, anakisia jina la babu kabla ya kugusa daftari. Anakisia, kisha analifungua daftari vilevile. Hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Huku Pangi, kwetu Walega wa Kongo, tungeelewana na mtafiti huyo upesi. Lukwakongo, kile kinyago kidogo cha mti cha Bwami, chama chetu cha jadi chenye madaraja, chenye ndevu za nyuzi na uso uliopakwa udongo mweupe, hukinunui sokoni. Mwenyewe akifa, kinamwendea ndugu anayeshika nafasi yake. Uliza kilikuwa cha nani, na kabla yake cha nani: umeshaanza kuandika ukoo. Daniel Biebuyck, Mbelgiji, aliuliza hivyo miaka ya 1950, baada ya wakoloni kuipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Vinyago vingi vilikwenda Ulaya, na leo kwenye makumbusho kibao husema "Lega, Kongo", basi. Ni kaburi lililofutwa jina.

Mlega atakayeifanya kazi hii atakutana na fundo jingine. Mwaka 1972 Rais Mobutu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, alipiga marufuku majina ya Kikristo. Babu aliye Joseph katika buku la ubatizo la misheni ana jina jingine kwenye karatasi za Zaire. Atakayeyaunganisha ni shangazi anayekumbuka aliitwaje nyumbani. Mwulize huyo kwanza, na tarehe ziache zingoje. Mwulize na jina la mama wa babu, maana madaftari humsahau mara nyingi.