Mila na Uadui katika Sinema ya "Klaus"

Kila mwaka ikaribiapo sikukuu ya Noeli hutolewa, katika Ulaya na Marekani, sinema za katuni za kutazamwa na wazazi pamoja na watoto wao. Nyingi ni za kuchekesha tu. Lakini "Klaus", iliyoongozwa na Mhispania Sergio Pablos na kutolewa mwaka 2019, yastahili kupimwa na watu wapendao habari za lugha na desturi. Kwa kuwa ndani yake mna swali kubwa: katika yale tuliyorithi, ni lipi la kuhifadhiwa, na lipi la kuachwa?

Kisa chake ni hiki. Jesper, kijana mvivu, mwana wa mkuu wa posta, apelekwa na baba yake Smeerensburg, kisiwa cha kaskazini chenye baridi kali, naye ameagizwa kupitisha barua 6,000 katika muda wa mwaka mmoja. Huko akuta koo mbili, Krum na Ellingboe, zilizo katika vita tangu zamani. Hakuna aandikaye barua, kwa maana hakuna amtakiaye mwenziwe heri. Mwalimu Alva ameigeuza shule kuwa duka la samaki, kwa sababu wazazi hawakubali watoto wao waketi pamoja na watoto wa adui. Basi Jesper ashirikiana na Klaus, mzee mpweke, fundi wa vichezeo. Watoto waandikao barua wapata vichezeo, na uhasama wa wazazi waanza kulegea.

Wakuu wa koo hizo wakasirika. Kwao uadui ni urithi wa wahenga, na kuuacha ni kuwasaliti. Hapa mtungaji amegusa jambo la kweli. Wazee wetu walinena, "Mwacha mila ni mtumwa," nasi twaliheshimu neno hilo. Lakini mithali haikusema ya kuwa kila la kale ni mila. Mila humfundisha mtu kuishi na wenziwe. Kisasi humwachia mtoto deni asilolikopa yeye.

Tena yumo Márgu, msichana mdogo wa Wasami, wenyeji wa kaskazini ya Norwei, Uswidi, Ufini na sehemu ya Urusi. Asema Kisami, wala maneno yake hayakuandikiwa tafsiri chini ya picha. Jesper haelewi, na mtazamaji haelewi. Yambidi Jesper amwendee mwalimu. Jambo hili twalisifu sana. Katika hadithi nyingi mwenyeji hufanywa kuwa bubu au mjinga mbele ya mgeni. Hapa mjinga ni yule asiyejua lugha. Wala si jambo dogo, kwa maana katika shule za Norwei Kisami kilibanwa kwa muda mrefu, hasa kwa agizo la mwaka 1898, ili watoto wageuzwe kuwa Wanorwei. Na mwaka 1997 Mfalme Harald wa Tano aliwaomba radhi Wasami kwa dhuluma hiyo.

Walakini tuna mawili ya kulaumu. Kwanza, baadaye jamaa za Márgu waja kwa wingi, lakini kazi yao ni kumsaidia Klaus kuunda vichezeo vya watoto wa watu wengine. Wamewekwa mahali pa vile vijitu vya hadithi za kale. Mavazi yao twayaona, lugha yao twaisikia, lakini mashauri yao hatuyajui.

Pili, Noeli imekatwa mzizi wake. Katika "A Charlie Brown Christmas" ya mwaka 1965, mtoto Linus asimama na kunena habari ya malaika na wachungaji kama ilivyo katika Injili ya Luka. "Klaus" yafundisha kwamba wema huzaa wema, na hilo ni kweli. Lakini wema wa kwanza ulitoka wapi, haitwambii.

Hata hivyo twawashauri wazazi waitazame pamoja na watoto wao, kisha wawaulize: je, Márgu angalisimulia yeye kisa hiki, angalianzia wapi?